Watumishi Waliozikwa na Mfalme

Kila asubuhi nilikuwa na kazi mbili kabla ya chai. Ya kwanza ilikuwa kumwaga mkojo wa mzee. Ya pili ilikuwa kumsomea habari za watu waliopasuliwa vifua.

Mzee mwenyewe alikuwa profesa mstaafu, mzungu, macho yameingia ukungu na miguu haimbebi tena. Alihamia Dubai kwa bintiye kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumtunza. Huyo binti ndiye niliyemwita Madam, na ndiye aliyekuwa kafeel wangu: viza yangu ilikuwa chini ya jina lake na pasipoti yangu ilikuwa katika kabati lake. Madam alikuwa injinia. Aliondoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda Abu Dhabi akarudi magharibi, na mchana kutwa tulibaki wawili, mimi na Sir, katika fleti ya vyumba viwili Discovery Gardens, majengo yakiwa bado yananuka rangi. Hiyo ni miaka ile kreni zilikuwa zimejaa kila mahali, halafu zikasimama ghafla.

Mimi nilikuwa mwalimu. Si mwalimu wa kuandikwa na serikali. Nilikuwa wa kushikilia, wa Historia na Dini, katika shule moja ya kutwa magharibi mwa Kenya, mpaka siku serikali ilipomleta mwenye barua nami nikaambiwa asante, nenda. Wakala wa Nairobi akaniambia Dubai kuna kazi ya msaidizi wa mwalimu. Kufika uwanja wa ndege, karatasi inasema mtumishi wa nyumbani. Ningefanya nini? Kurudi ni aibu, na mama alikuwa ameshatangazia kanisa zima kwamba binti yake anakwenda kufundisha Waarabu. Sikumsahihisha. Kila Ijumaa nilipompigia aliniuliza kama wanafunzi wangu hawajambo, nami nikajibu hawajambo, wanakusalimu.

Mama ndiye niliyekuwa naye. Baba alikufa nikiwa darasa la tatu, na mama akatulea, mimi na ndugu yangu mdogo, kwa kukata kuni na kuziuza. Ukimkuta njiani alikuwa na mzigo kichwani na mtoto mgongoni, na mimi nyuma na kamzigo kangu. Nilipoondoka alikuwa ameanza kuvimba miguu na daktari amesema ni presha. Uwanja wa ndege alinishika uso kwa mikono miwili akasema, "Nikute." Hakusema urudi salama, hakusema Mungu akubariki. Nikute, basi. Nikamwahidi nitamkuta. Miaka yote miwili nilikuwa na ombi hilo moja kwa Mungu, na mengine niliyaongeza kwa adabu tu.

Kusoma kulianza kwa hasira. Siku moja nilikuwa nafuta vumbi kwenye meza ya Sir nikaona karatasi zimerundikwa, nikauliza, "Sir, hawa Watarasko ni kina nani?" Akageuza uso upande wa sauti yangu. "Unajua kusoma?" Haki, nilitaka kumrushia kitambaa. Nikamwambia mimi nimefundisha Mapinduzi ya Viwanda miaka sita, nimefundisha Agano la Kale mpaka watoto wakaota ndoto za Yusufu, na kama anataka kujua, hata maandishi yake yana makosa. Nikangoja anifukuze. Alicheka hadi akakohoa, kisha akauliza kwa lugha yetu mwalimu anaitwaje. Nikamwambia. Kuanzia siku ile hakuniita jina lingine. Neno moja tu la Kiswahili alilolijua, na alilitamka vibaya, na kila alipolitamka mgongo wangu ulinyooka.

Watarasko walikuwa watu wa Meksiko, upande wa magharibi, kando ya ziwa la milimani, kabla ya Wahispania. Wao wenyewe wana jina lao lingine, lakini Sir alizoea hilo la wageni. Walikuwa na mfalme, na mfalme huyo alikuwa na kazi moja kuu: kuhakikisha moto wa miungu hauzimiki. Watu walitumwa msituni kukata kuni, zikarundikwa mbele ya mahekalu, zikawaka mchana na usiku, kwa sababu mungu wao mkubwa alikuwa wa moto na alikuwa na njaa. Nilipofika hapo mara ya kwanza niliacha kusoma. Nikamwambia Sir kwamba huko mama yangu angekuwa mtu mkubwa sana.

Kuni peke yake hazikumshibisha mungu huyo. Mateka wa vita waliletwa mjini, wakapokewa kwa nyimbo, wakafukiziwa, wakakaribishwa kama wageni wa heshima. Kisha walilazwa juu ya jiwe, kifua kikapasuliwa kwa kisu cha jiwe jeusi linalong'aa, moyo ukatolewa ukingali unapiga. Kulikuwa na sikukuu moja ya mungu wao wa kike ambapo mioyo ilitupwa katika chemchemi za maji moto. Mvuke ulipanda, ukawa mawingu, na mawingu yakaleta mvua. Kwa imani yao mvua ilianzia kifuani mwa mtu.

Sir hakupenda kabisa waliosema kwamba hawa walikuwa wanyama. "Mwalimu," aliniambia, "waliamini dunia imesimama kwa sababu inalishwa. Miungu ikilala njaa, jua linaondoka, mvua inaondoka, mahindi yanaondoka. Anayekufa hapotei. Anaingia katika chakula cha dunia, anakuwa wa mungu." Ndivyo alivyotaka kitabu chake kiseme, na alikuwa na miaka thelathini akikiandika polepole.

Mimi nilibishana naye. Sikulipwa kubishana, lakini nani angenizuia? Nikamwambia hata sisi tuna Ibrahimu na kisu chake, lakini kwetu Mungu alisema basi, shika huyu kondoo. Nikamwambia kwetu mganga wa mvua hupelekewa kuku, na kuku hana ukoo wa kuja kuuliza. Na nikamuuliza: "Kama ni heshima kubwa hivyo, Sir, mbona mfalme mwenyewe hakulala juu ya lile jiwe?" Akasema, "Andika swali hilo. Litaingia katika sura ya tisa." Nikaliandika kwenye kompyuta yake. Swali langu, ndani ya kitabu. Ijumaa ile nilimwambia mama kwamba sasa namfundisha mzee mmoja, profesa. Mama akauliza, "Na anafaulu?"

Ijumaa ndiyo siku yangu ya nje. Nilikwenda kanisani Jebel Ali, kisha Al Nahda, kwenye fleti waliyokaa wanawake tisa wa kwetu na wa Uganda, vitanda vya ghorofa hadi dirishani. Rafiki yangu mkubwa pale alikuwa Mganda, Mwislamu, mlinzi wa duka la nguo, mwenye mdomo usio na breki. Siku moja niliwasimulia habari za mioyo na maji moto. Kosa langu hilo. Sisi Wakenya wa miaka ile tulikuwa tumelelewa na hadithi za waabudu shetani, kwamba wako mashuleni, wako kwenye noti, wako kila mahali. Ukisema neno kafara mbele ya wanawake wa kanisa, umewasha moto. Waliniketisha chini, wakanipaka mafuta ya alizeti kichwani kwa kuwa ya zeituni yalikuwa yamekwisha, wakakemea pepo la profesa kwa lugha nne. Mmoja akanishauri nimwibie kisu chake. Nikamwambia Sir hawezi hata kukata mkate.

Mganda alikuwa amekaa pembeni anakula wali. Walipomaliza kukemea alisema, "Mmeomba vibaya. Mzee huyo hataki moyo wa mwenzenu. Mzee huyo anakula likizo yake."

Tulicheka sote, mimi nikawashinda kwa sauti. Lakini alikuwa amesema kweli, na hiyo kweli naijua mimi, kwa sababu ilikuwa imeshatokea mwezi wa nane mbele ya macho yangu na kwa mkono wangu.

Mkataba ulisema kila baada ya miaka miwili nipewe likizo na tiketi ya kwenda nyumbani. Mwezi wa nane miaka ilitimia. Madam hakuwa mtu mbaya wa hadithi; jioni moja alitoa pasipoti yangu kabatini, akaiweka mezani jikoni, akasema nichague tarehe, yeye ataomba ruhusa kazini amtunze baba yake. Pasipoti ilikuwa pale, jalada la buluu, mbele yangu karibu na chupa ya tomato. Niliifungua nikaangalia picha yangu. Nililala usingizi mtamu.

Asubuhi nilipomwambia Sir, hakulia wala hakuomba. Laiti angeomba, ningekataa. Mimi mtu akinisukuma husimama. Alisema tu, "Unapaswa kwenda. Ni haki yako." Kisha akapapasa karatasi zake mezani kwa ile mikono yake ya ngozi na mishipa. "Sura ya tisa itabaki kama ilivyo. Hakuna mwingine anayeielewa. Binti yangu husoma kama anasoma bili." Akaongeza, "Sijui kama nitakuwepo ukirudi, Mwalimu."

Sura ya tisa ilikuwa mazishi ya mfalme. Ndiyo iliyokuwa na swali langu.

Nilikaa na neno hilo siku mbili. Nikampigia mama, nikampima sauti, nikaiona ina nguvu. Nikamuuliza miguu, akasema miguu ni miguu. Nikamwambia pengine nitakuja Desemba badala ya sasa, nina kazi ya mzee ya kumalizia. Akasema, "Kazi ni kazi. Malizia." Nikajua ile sauti. Ni sauti aliyokuwa akiwajibia wateja waliosema watachukua kuni kesho. Niliijua na nikajifanya siijui.

Jioni nikachukua pasipoti pale mezani nikamrudishia Madam. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikasema nina hakika, Desemba, inshallah. Akaifungia.

Mwezi wa kumi mama alipigwa na kiharusi. Ndugu yangu alinipigia Ijumaa nikiwa Al Nahda, akasema upande wa kushoto umelala na maneno yanatoka nusu nusu, lakini ananitambua kwa jina, anauliza nimefika wapi. Nilipiga magoti pale katikati ya vitanda. Jioni nikamwambia Madam nataka kwenda sasa, kesho. Alisikitika, kweli alisikitika, lakini kazini kwao walikuwa wanafukuza watu kila wiki na yeye hakuthubutu kuomba hata siku moja. Akasema nivumilie, Desemba amekwisha pewa ruhusa, Desemba iko karibu. Mvumilivu hula mbivu, ndivyo nilivyokuwa nikiandika ubaoni kwa watoto. Nililala nikihesabu siku na kuamka nikihesabu siku.

Kazi nilifanya kama mtu aliyefukuzwa na mbwa. Nilijiambia nikimaliza sura mapema labda kitu kitafunguka, mtu atahurumia, sijui. Nilimsomea Sir asubuhi, nikamwandikia mchana, nikamgeuza kitandani ili asipate vidonda, nikapika, nikarudi kuandika. Naye alikuwa anaisha. Alikula vijiko vitatu, akasema inatosha. Wakati mwingine nilimwangalia nikamchukia kwa kuwa hai, nikimwazia mama, halafu nikaona aibu nikamfuta mdomo.

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja ambayo nyumba nyingi zilikuwa nayo: siku za kazi simu ya mtumishi hukaa kwenye droo ya Madam. Nilikuwa naipata Alhamisi jioni na kuirudisha Ijumaa usiku. Mwezi wa kumi na moja ulipoanza, Alhamisi ikafika, Madam akaniambia simu yangu ilianguka ikapasuka, ameipeleka kwa fundi mtaa wa Karama. Na Ijumaa hiyo nisitoke, Sir ana homa. Alhamisi iliyofuata ikawa hivyohivyo, fundi hajamaliza na homa haijapoa. Sikuwa na sababu ya kushuku. Ningeomba kupiga kwa simu yake, lakini namba ya ndugu yangu ilikuwa ndani ya simu, kichwani haikuwemo. Nilikuwa najua tarehe za vita vyote vya Ulaya na sikujua namba ya nyumbani kwetu. Nikaomba Mungu badala yake. Nikajiambia habari mbaya haikawii, na kama haijafika basi mama yuko sawa.

Sasa nieleze siku yenyewe.

Ilikuwa Jumanne, alasiri, adhana ya karibu ndiyo kwanza imekwisha. Sir alikuwa ameinuliwa na mito mitatu. Tulikuwa tumefika sehemu ya mwisho ya sura ya tisa, orodha ya watu waliokufa pamoja na mfalme. Maana mfalme wa Watarasko hakuzikwa peke yake. Mhispania mmoja wa dini aliandika jinsi wazee wa huko walivyosimulia, na Sir alikuwa amenakili orodha kwa mkono zamani, macho yake yakiwa mazima. Zaidi ya watu arobaini. Nilisoma kwa sauti yangu ya darasani. Wanawake saba: mmoja wa kumtunzia mapambo yake ya dhahabu, mmoja wa kumtunzia ya feruzi, mmoja wa chumbani, mmoja wa kumpikia, mmoja wa kummiminia pombe, mmoja wa kumpa maji ya kunawa na kumshikia kikombe. "Na wa saba," nikasoma, "ni yule aliyekuwa akimpa mfalme chombo cha mkojo."

Nikasimama hapo. Chupa ya Sir ilikuwa pale chini, pembeni ya mguu wangu, nimeimwaga saa ileile. Nikacheka. "Sir," nikasema, "kumbe nimo kitabuni."

Kwa kawaida angecheka kunishinda. Hakucheka. Akasema niendelee. Nikaendelea na wanaume: wa kubeba kiti, wa viatu, wa kumpepea, wa kumsuka nywele, mpiga makasia, mfagiaji, bawabu, msimulia hadithi, na baadhi ya waganga walioshindwa kumponya. Hapo nikatikisa kichwa, maana waganga wa kwetu ukifa wanakuja kula matanga. Kisha nikamuuliza, kwa sababu sura ilihitaji: "Walifungwa kamba?"

"Hapana," akasema. "Hakuna palipoandikwa kwamba walifungwa. Walipewa pombe nyingi kwanza. Walivikwa maua kichwani, wakapakwa rangi ya njano usoni. Walitangulia mbele ya maiti wakipiga muziki. Halafu wakapigwa marungu."

"Kwa nini hawakukimbia?"

"Wakimbilie wapi? Bila mfalme, yule wa kikombe ni mwanamke mwenye kikombe tu. Kwa mfalme alikuwa mtu. Nadhani walijiambia huko aendako atawahitaji."

Na mimi, mjinga, nililipenda jibu hilo. Nilianza kuliandika mara moja, na nikaongeza sentensi yangu kwamba labda pombe haikuwa ya kuwaondolea woga, labda ilikuwa ya kuwasahaulisha watu wengine waliokuwa nao. Nikamsomea. Akasema ni nzuri. Na nilipokuwa bado nimeshiba sifa hiyo, swali likanitoka lenyewe: "Lakini hawa wanawake saba walikuwa na mama zao, Sir. Siku ile mama zao walikuwa wapi? Mbona hawaandikwi?"

Nilipoinua macho niliona machozi yanatiririka kutoka kwenye yale macho yasiyoona kitu, yakipita masikioni hadi kwenye mto.

"Mwalimu," akasema, "mama yako."

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka alivyosema yeye, kwa vipande, akipumua. Ndugu yangu alipiga simu wiki mbili nyuma kwamba mama yuko mahututi. Madam alipokea. Alitaka kuniambia usiku uleule, na Sir akamwomba angoje. Kurasa zilikuwa zimebaki chache, siku mbili au tatu tu, kisha niambiwe nipelekwe uwanja wa ndege mbio. Siku mbili zikawa nne kwa sababu ya homa. Ndugu yangu akapiga tena. Hapo ikawa kuniambia ni kukiri, na kila siku iliyopita ilifanya kukiri kuwe kugumu zaidi. Simu haikuwahi kwenda Karama. Ilikuwa kwenye droo ya kitanda cha Sir, chini ya pamba na dawa za tumbo, mahali ambapo nilichukua pamba mwenyewe kila asubuhi.

"Nilifikiri utakuwa na muda," akasema. "Nilitaka uwepo mwisho. Nilikuhitaji uwepo."

Nilimchukia. Nataka niliseme wazi, kwa sababu watu wakinisikia nasimulia husema lakini alikuwa mzee, lakini alikuwa anakufa. Nilimchukia mzee anayekufa. Niliishika ile chupa nikitamani ingekuwa imejaa. Nilitamani kumwacha pale na mito yake na Watarasko wake, bila maji, mpaka Madam arudi. Alikuwa ananinyooshea mkono hewani, anatafuta nilipo, na sikumpa mkono. Nikafungua droo, nikatoa simu chini ya pamba, nikaenda nayo jikoni nikakaa sakafuni mgongo ukiwa kwenye mashine ya kufulia.

Ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo. Iliwaka, ikaleta simu za ndugu yangu ambazo hazikupokelewa, zimepangana hadi chini ya kioo. Nikapiga. Iliita mara nyingi sana.

"Dada," akasema. Hakusema haloo.

Nikamuuliza mama yuko wapi. Akaniambia tumemzika Jumamosi. Alisema hivyo tu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusema neno hilo kwa wengi. Akaendelea bila kuulizwa. Mama alikata roho siku mbili baada ya simu ya kwanza. Walimweka mochari siku saba wakinisubiri, wazee wakakataa kuchimba kaburi mpaka nijibu. Alipopiga tena, mwanamke akamwambia nina kazi nyingi sana kwa sasa, nitapiga nikimaliza. Basi akawaambia wazee hivyo. Wazee wakaangaliana, wakasema chimbeni.

"Na yeye?" nikauliza. "Alisema nini?"

"Alikuwa anauliza umefika wapi. Mara ya mwisho watu walianza kunung'unika pale kitandani, akasema wakuache. Akasema mwalimu ana kazi."

Nilitaka kumwambia kwamba sikujua. Nilikuwa na maneno yote tayari: simu ilifichwa, nilidanganywa, nilifungiwa habari. Yote ni kweli, na ningeweza kuyasema mbele ya hakimu yeyote. Lakini mdomo ulipofunguka niliona ile meza ya jikoni ilipokuwa pasipoti yangu, iko pale hatua mbili kutoka nilipokaa, na chupa ya tomato juu yake. Chumbani Sir alikuwa ananiita. Mwalimu. Mwalimu. Alitamka vibaya kama siku zote.

Ndugu yangu alikuwa analia sasa, kimya kimya, nilimsikia anavuta kamasi. Yeye ndiye mdogo, ndiye aliyebebwa mgongoni. Aliniuliza swali moja, na hakuuliza kwa ubaya, alitaka kujua tu.

"Lakini dada, kwani walikuwa wamekufunga?"

Nikamwambia hapana, hakuna aliyenifunga. Akasema sawa, basi, akakata simu.